Unapoisambaza video ya shabiki, mkumbuke aliyeitengeneza

MNYONGE mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikariri angali katika shule ya msingi, imekuwa ngeni mno katika mitandao ya kijamii. Huko kazi za watu hupita mikononi mwa maelfu bila yeyote kuuliza zilitoka kwa nani.

Kila kukicha Wakenya hutumiana video zilizotengenezwa na mashabiki. Baadhi ni vipande vya filamu vilivyokatwa na kuunganishwa upya juu ya wimbo. Nyingine ni densi zilizobuniwa kwa mapenzi ya msanii fulani, au mkusanyiko wa mabao ya mchezaji anayeenziwa. Aghalabu aliyezitengeneza hakulipwa hata ndururu. Swali ambalo halijajadiliwa ipasavyo ni hili: yule anayeipenda video kama hiyo, akataka na wengine waione, ana wajibu gani kwa aliyeitengeneza?

Wapo watakaosema kuwa swali lenyewe halina maana. Watauliza, ikiwa shabiki mwenyewe aliazima picha za mwingine na wimbo wa mwingine, ana haki gani ya kulalamika kazi yake inapoazimwa? Hoja hii ina mashiko kwa kiasi fulani, ila inachanganya mambo mawili. Deni la shabiki kwa mwenye filamu ni la wawili hao. Halimpi mtu wa tatu idhini ya kumpokonya kile alichokiongeza kwa jasho lake, yaani kuchagua, kukata na kuoanisha picha na muziki hadi pakazuka maana mpya.

Sanaa hii si changa. Mnamo 1975 nchini Marekani, shabiki mmoja wa mfululizo wa Star Trek, Kandy Fong, aliwaonyesha mashabiki wenzake slaidi za mfululizo huo zikiandamana na muziki uliorekodiwa kwenye kanda. Waliomfuata, wengi wao wakiwa wanawake, walitumia mashine mbili za kurekodia video, wakinakili kipande baada ya kipande kutoka moja hadi nyingine. Kazi zao zilitazamwa katika makongamano ya mashabiki na kupitishwa kwa kanda baina ya watu waliofahamiana. Kwa kuwa waliwahofia wenye hakimiliki, walijiwekea adabu yao: kazi ya mwenzio huitangazi kwa umma kabla ya kumuuliza.

Adabu hiyo ilitikiswa YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata, video moja ya mashabiki iliyooanisha picha za Star Trek na wimbo wa bendi ya Nine Inch Nails ilipakiwa huko na mtu asiyekuwa mtengenezaji wake. Ilisambaa kama moto nyikani. Watazamaji wengi waliicheka, wasijue ilikusudiwa kwa hadhira gani wala ilitaka kusema nini. Watengenezaji walijikuta wametwikwa umaarufu ambao hawakuutafuta, wakaishia kuziondoa kazi zao mtandaoni. Aliyeisambaza huenda alidhani anawatendea hisani.

Hapa ndipo tofauti baina ya kiungo na nakala inapopaswa kueleweka. Kumpa mtu kiungo, yaani anwani inayomfikisha pale video ilipowekwa na mwenyewe, ni kumwonyesha njia ya nyumba ya watu. Kuipakua na kuipakia upya kwingine ni kuhamisha vyombo vya nyumba hiyo na kuvipanga sebuleni mwako. Atumiaye kiungo humwachia mtengenezaji mamlaka yake. Akirekebisha kosa, kila mtazamaji ataona marekebisho, akiiondoa, imeondoka, sifa na lawama zinamfikia yeye. Anayenakili humvua yote hayo kwa pigo moja.

Kuna pia suala la riziki. Tangu 2018, mwenye chaneli ya YouTube amehitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12 ili apate mgao wa matangazo kupitia video za kawaida. Kwa kijana wa Kisumu au Malindi anayehariri video usiku kwa kompyuta ya kuazima, kila nakala inayozunguka kwingine ni dakika zilizompotea. Ni kweli kuwa video yenye picha za filamu mara nyingi hunaswa na mfumo wa Content ID, na mapato yake yakaelekezwa kwa mwenye hakimiliki. Hata hivyo, sifa aliyojijengea ndiyo inayoweza kumpatia kazi ya uhariri kesho. Jina lake likikatwa ukingoni mwa picha, hata tumaini hilo limekatwa.

Mifano ya majina kupotea ni mingi. Mwaka 2019, msichana wa umri wa miaka 14 kutoka jimbo la Georgia, Marekani, Jalaiah Harmon, alibuni densi iliyokuja kujulikana kama Renegade. Iliigwa na watu wasiohesabika katika TikTok, na baadhi yao wakajizolea umaarufu mkubwa, ilhali mbunifu hakutajwa. Ilibidi gazeti la The New York Times liandike habari zake Februari 2020 ndipo akatambuliwa na kualikwa kuicheza katika mchezo wa nyota wa ligi ya NBA jijini Chicago. Je, ni wangapi ambao hawakupata gazeti la kuwatetea?

Hapa nyumbani tunakumbuka Machi 2010, kundi la Just a Band lilipotoa video ya wimbo Ha-He. Mhusika wake, Makmende, aligeuka gumzo la taifa, na mashabiki wakabuni picha na vichekesho chungu nzima juu yake. Jina la kundi limesalia katika kumbukumbu. Ya wengi wa mashabiki waliolikuza gumzo hilo yalizama.

Sheria nayo haiko kimya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Februari 2014, katika kesi ya Svensson, kwamba kuweka kiungo cha kazi ambayo mwenyewe ameianika kwa wote hakuhitaji idhini mpya. Septemba 2016, katika kesi ya GS Media, iliongeza kuwa anayeweka viungo kwa kutafuta faida huchukuliwa kuwa alijua kazi iliwekwa bila ruhusa, mpaka athibitishe vingine. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Kenya, lakini yanaonyesha kuwa hata majaji wanaona umbali uliopo kati ya kuelekeza na kunakili.

Humu nchini, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Inaruhusu pia matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwataka watoaji huduma za intaneti waondoe kazi zilizowekwa kinyume cha sheria.

Ndiyo maana sifa zisizo na tahadhari zinaweza kumponza asifiwaye. Densi ya wimbo Jerusalema wa Master KG wa Afrika Kusini ilienea ulimwenguni mwaka 2020 baada ya kundi la Fenómenos do Semba la Angola kujirekodi likiicheza huku limeshika sahani za chakula. Wauguzi, polisi na wazimamoto wa nchi mbalimbali waliicheza ili kutiana moyo wakati wa janga la corona. Mwaka 2021, kampuni ya Warner Music nchini Ujerumani ilianza kuzidai ada baadhi ya taasisi zilizotoa video hizo. Video iliyotazamwa na jamaa na marafiki isingemshtua mtu. Iliyopigiwa tarumbeta humwamsha hata wakili.

Basi adabu ni ipi? Kwanza, mwelekeze mtazamaji kwenye chanzo. Ikiwa umelazimika kutuma nakala, kama ilivyo kawaida katika vikundi vya WhatsApp, usikate jina wala nembo ya mtengenezaji, na uambatanishe kiungo. Pili, mtaje kwa jina analolitumia mwenyewe. Anayejificha nyuma ya lakabu ana sababu zake, na si kazi yako kumfichua. Tatu, piga hodi. Chaneli yenye watazamaji 50 si sawa na yenye 500,000, na ujumbe mfupi wa kuomba ruhusa hauchukui hata dakika moja. Mlango ulio wazi si mwaliko wa kuingiza umati.

Nne, sema kweli kuhusu unachokipendekeza. Ikiwa video ina taa zinazomweka kwa kasi, waonye wenye kifafa. Ikiwa ina mambo yasiyofaa watoto, wazazi wajue mapema. Tano, usipeleke watu kwa mtu ili wakamdhihaki. Mwisho, mwenyewe akikuomba uondoe, ondoa bila ubishi.

Wanaopaswa kuwa mfano katika hili ni vyombo vya habari, na ndivyo vilivyolegea zaidi. Vyumba vyetu vya habari vimezoea kuchukua video au picha na kuiandikia chini "kwa hisani ya mtandao". Maneno hayo hayamtaji yeyote. Mtandao hauna hisani. Hisani ni ya mtu aliyeketi akaifanya kazi. Mwanahabari ambaye angekasirika kuona makala yake yamechapishwa kwingine bila jina lake hana budi kumtafuta mtu huyo, na akishindwa kumpata, aseme wazi mahali video ilipopatikana.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili la mabilioni ya video, chema hakijiuzi tena. Huuzwa na midomo ya waliokipenda. Hiyo ni nguvu kubwa, na wengi wetu tunayo bila kuitambua. Katika taarabu, shabiki aliyeguswa na wimbo huinuka na noti yake, akapita katikati ya watu hadi kwa mwimbaji na kumtunza yeye, machoni pa wote. Hamkabidhi bawabu wala jirani wa kiti cha pili. Video nayo ina mwimbaji wake. Kabla ya kubonyeza ili kuituma, mtafute.