Neno la Mhariri: Tuanze na Chikungunya

Virolojia ya molekuli inafundishwa kwa kukariri, ndiyo maana wanafunzi wengi huisahau mara wakitoka kwenye chumba cha mtihani. Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba mwanafunzi akifuate kirusi kimoja hatua kwa hatua, tangu kinapoigusa seli hadi vizazi vyake vinapotoka, na kwamba kirusi hicho kiwe cha kwetu. Tumechagua chikungunya.

Ugonjwa unaoletwa na kirusi hiki ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 uliikumba Lamu. Ukame ulikuwa umewalazimu watu kuweka akiba ya maji majumbani, na mbu Aedes aegypti, wanaoueneza, wakapata pa kuzaliana. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ukavuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako kufikia 2006 takriban theluthi moja ya watu walikuwa wameugua.

Tukitazame sasa kirusi chenyewe. Jenomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 12,000. Ribosomu za seli huusoma uzi huo moja kwa moja, kwa hiyo kirusi hakina haja ya kuja na kimeng'enya chake cha kunakili. Hutengenezwa kwanza protini nne za kunakilia RNA. Ndipo huja zile za umbo: ya ganda, E2 inayojishikiza kwenye seli, na E1 inayounganisha utando wa kirusi na wa seli. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini kunakili kunatangulia hana la kukariri hapo. Akiulizwa kwa nini kirusi cha influenza, ambacho RNA yake haisomeki moja kwa moja, hulazimika kuja na kimeng'enya chake, atajibu mwenyewe.

Kimeng'enya cha chikungunya cha kunakili RNA hukosea mara kwa mara na hakijisahihishi. Katika mlipuko wa Réunion, herufi moja kwenye jeni ya E1 iligeuka kutoka C kuwa U, na asidi amino ya 226 ikawa valini badala ya alanini. Hilo tu lilitosha kukifanya kirusi kistawi zaidi ndani ya Aedes albopictus, mbu aliyejaa kisiwani humo, ambako Aedes aegypti ni adimu.

Elimu hii ina kazi hata katika zahanati. Siku za mwanzo za homa RNA ya kirusi imo katika damu, na kipimo cha PCR hukinasa. Baada ya wiki moja hivi RNA huwa imepungua mno, na kinachofaa kutafutwa ni kingamwili. Mganga asiyelijua hilo atapima PCR siku ya kumi, apate jibu la kutokuwepo kirusi, na amwambie mgonjwa kwamba hakuugua chikungunya.

Kwa wahadhiri, ombi letu ni moja: katika mtihani ujao, ondoeni swali la "taja" na mahali pake muweke la "eleza kwa nini". Nanyi wanafunzi, isomeni makala ya kwanza ya toleo hili mkiwa na kalamu mkononi, muichore kila hatua. Hatua msiyoweza kuichora bado hamjaielewa, irudieni.