Tazama Mwezi Kabla ya Safari

Huenda uliwahi kulipa nauli kutoka Kayanga hadi Bukoba, ukakuta duka la vipuri limefungwa. Pengine ilikuwa Diwali, sikukuu ya Wahindu. Kumbuka, si kila Mhindi ni Mhindu. Wengine ni Waislamu.

Diwali hufuata mwezi wa angani. Huwa wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Mwaka 2023 ilikuwa Novemba 12. Mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 20.

Miezi 12 ya angani ina siku 354 tu. Kwa hiyo Idd hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi. Ndiyo maana Diwali haitoki Oktoba na Novemba.

Wengi wao hufunga siku ya 11 ya mwezi mchanga, na siku ya 11 baada ya mwezi mpevu. Hawali nafaka. Hata maharage hawagusi! Matunda wanakula.

Diwali ya 2026 ni Novemba 8. Nenda dukani mapema.