Kabla ya kununua motere ingine, tupoze ile tuliyo nayo



Katika mikutano yetu kuna neno linalorudi mara kwa mara: kamio imechoka, haina nguvu tena, tutafute ingine. Sisi ni watu wa mbegu na udongo, si watu wa garaji. Lakini mbolea iliyolala barabarani haioteshi muhindi, njo maana jambo la kamio ni jambo la kilimo pia. Maoni yetu ni haya: kabla ya kusema motere imezeeka, tuangalie kwanza joto lake. Na franka za kupoza motere zitoke mbele ya franka za kununua ingine.

Tuanze na mahali tunapoishi. Kolwezi iko karibu metre 1.400 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu 15 kwa mia ya nguvu yake hata kabla ya kupakia mfuko mmoja. Halafu joto linaongeza hasara: kila digri 10 zinapoongezeka, hewa inayoingia ndani ya motere inapungua uzito karibu 3 kwa mia. Bomba la kuvutia hewa likikatika, motere inavuta hewa ya moto ya chini ya kapo. Ikivuta hewa ya digri 60 badala ya ile ya nje ya digri 30, karibu 9 kwa mia ingine imekwenda. Shofere anakanyaga zaidi, mazutu inaisha, na kamio inapanda mulima polepole kama ngombe mgonjwa.

Kuna pia jambo la maji. Ku masomo tulifundishwa kwamba maji yanachemka kwa digri 100. Hapa kwetu, kwa sababu ya urefu, yanachemka karibu digri 95. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachobana maji ili yavumilie joto zaidi bila kuchemka. Ukikiweka kitambaa na kipande cha mpira mahali pake, umeharibu kazi yote. Bei ya kifuniko ni ndogo sana mbele ya bei ya kichwa cha motere kilichopinda.

Basi tuangalie nini? Vumbi nyekundu ya barabara zetu ikichanganyika na mafuta inakuwa kama keki kati ya mabati ya radiatere, hewa haipiti tena. Ioshwe motere ikiwa baridi, maji yakitoka upande wa motere kwenda mbele, bila nguvu nyingi, kwa maana yale mabati ni laini. Mukanda wa ventilatere usilegee. Kile kizingio kinachozunguka ventilatere, ambacho watu wengi wanakitupa kikivunjika, kirudishwe: bila kizingio, ventilatere inazungusha ile ile hewa ya moto. Na mbele ya radiatere tusitundike bidon, mifuko wala mataa makubwa. Pale ni pua ya kamio, tusiizibe.

Kuna desturi ambazo tunaomba ziachwe. Ya kwanza ni kutoa termostati ili motere «ipumue». Mwezi wa sita asubuhi kuna baridi kwetu; motere isiyo na termostati inachelewa kupata joto lake, inakula mazutu na kuchakaa. Tena katika motere fulani, ukiitoa, maji mengine yanarudi bila kupita ku radiatere. Ya pili ni kufungua kifuniko wakati maji yanachemka: watu wanaungua uso na mikono. Ya tatu ni kumwaga maji baridi ya mtoni ndani ya motere ya moto. Chuma kinapasuka, na matope na chokaa ya yale maji vinabaki ndani. Tutumie maji safi pamoja na dawa ya radiatere, maana dawa inazuia kutu pia.

Mashini ya kusaga inateseka vilevile, na bila mashini hakuna unga wa bukari. Tunaona motere imefungiwa ndani ya nyumba ndogo ya mabati, bomba la moshi likiishia humo humo. Moshi ule ni sumu kwa mama anayesaga, na joto lake linarudi ndani ya motere. Tutoboe matundu chini na mengine karibu na paa, na bomba litoke nje. Motopompe ya kumwagilia isifunikwe mfuko wakati inafanya kazi, hata kama tunaogopa wezi: inapozwa na hewa peke yake.

Wengine watasema: kamio ni ya zamani kweli, kuosha radiatere hakuwezi kuifufua. Ni kweli, motere iliyokwisha kuvunjika ndani haiponi kwa maji na sabuni. Na ukipakia kupita kiasi, itachemka hata ikiwa mpya. Lakini koperative inayonunua kamio bila kubadilisha namna ya kuitunza, inanunua paka muda. Joto litaiua na ile mpya.

Tunapendekeza mambo matatu yaandikwe katika kitabu cha koperative. Kuwe na franka kidogo kila mwezi kwa ajili ya kupoza motere tu. Mtu mmoja ajulikane kwa jina kwamba ndiye anayeangalia maji, mukanda na radiatere kila asubuhi. Na shofere apewe ruhusa ya kusimama sindano ya joto ikipanda, bila kamati kumkaripia kwamba amechelewa.

Kazi hii imalizike mwezi wa nane. Mwezi wa kumi joto ni kali, na ndio wakati mbegu na mbolea zinapaswa kutoka Lubumbashi na Likasi kufika ku mashamba mbele ya mvua. Kamio ikisimama juma mbili wakati huo, mlimaji anapanda kwa kuchelewa, na mavuno yanapungua. Hasara ile hailipwi na garaji.