Mji Mdogo wa Rudolstadt na Suala la Kaburi

Jamaa zetu wa Maskati na Unguja wakisikia kuwa mmoja wetu anaishi katika mji mdogo wa Ujerumani, humwonea huruma kana kwamba amehamishwa. Huruma hiyo haina msingi. Rudolstadt, mji wa jimbo la Thuringia, una wakazi wapatao 25,000 tu, nao wana jumba la tamthilia tangu mwaka 1793, maktaba ya mji, kasri la Heidecksburg juu ya kilima, na garimoshi lifuatalo mto Saale mpaka Jena. Duka la dawa likifungwa usiku, mlangoni hubandikwa jina la lile lililo zamu. Jumapili maduka hufungwa kwa mujibu wa sheria. Wageni hulalamika, nami naiona neema, kwani siku hiyo mtu hana udhuru wa kutomtembelea jirani.

Wala sisi si wa kwanza kufika huko. Sayyida Salme binti Said, aliyefiwa na mumewe mjini Hamburg mwaka 1870 akabaki na watoto watatu, aliwahi kuishi Rudolstadt. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, penye kaburi la ukoo wa mumewe.

Kuzikwa ndiko ninakotaka tukuzungumzie, maana barazani twasifu shule na hospitali, na makaburi twayanyamazia. Ujerumani, makaburi kwa kawaida ni mali ya mji au ya kanisa, na kaburi halinunuliwi: familia hupewa kwa muda, aghalabu kati ya miaka 15 na 30. Muda ukiisha bila kuongezwa, jiwe huondolewa na mahali hapo huweza kupewa maiti mwingine. Kwetu sisi, aliyezikwa hafukuliwi. Basi msiba ukitokea, simu hupigwa huku na huko, watu huchangishana, na maiti husafirishwa kwa ndege.

Nawaheshimu wanaofanya hivyo, lakini sikubaliani nao. Mjukuu aliyejifunza kuogelea katika bwawa la mji ule, na ambaye Kijerumani ndicho lugha anayoota kwayo, hatakwenda Unguja kila Idi kumsomea babu yake Fatiha. Majimbo mengi siku hizi huruhusu Mwislamu azikwe kwa sanda bila jeneza. Sehemu za Waislamu zipo zaidi katika miji mikubwa. Katika mji mdogo hazitapatikana pasipo mtu kuziomba, na huko, naamini, hata ombi la koo tatu nne husikilizwa.

Liombwe eneo lielekezalo makaburi kibla, na muda unaoweza kuongezwa kila unapokwisha. Barua hiyo kwa baraza la mji waiandike wazee wetu wenyewe, wakiwa hai na wazima, kabla watoto hawajalazimika kuamua kwa siku moja, kwa simu, huku wanalia.