KIDOLE CHAKO NI MALI YAKO

Ndugu Wafanya Kazi,

Siku hizi hapa Wote wengi wetu tuna simu zinazofunguliwa kwa kidole au kwa uso. Wengine wazisifu, kwa kuwa hakuna namba ya kukumbuka. Wengine hawazitaki kabisa. Wasema simu yawapelekea serikali na matajiri alama zao. Yafaa tulizungumze jambo hili, maana mshahara wa wengi wakaa humo humo, katika M-Pesa.

Kwanza, simu. Katika simu iliyotengenezwa vizuri, alama ya kidole haiwekwi kama picha. Huwekwa kama hesabu iliyofungiwa ndani ya simu yenyewe. Hofu hiyo basi tuipunguze. Taabu ya kweli iko mikononi. Mwashi ashikaye saruji na mvunja kokoto, mistari ya vidole vyao huliwa, na simu huwakataa. Si kosa lao. Andikisha vidole jioni, mikono ikiwa imeoshwa na kukauka, na utie pia vya mkono usiotumika sana. Uso katika simu za bei nafuu waweza kuigwa kwa picha tu. Usiutegemee kulinda fedha. Namba ya siri usiisahau, kwa sababu simu ikizimwa na kuwashwa itaidai. Tazama pia kama kidole cha mtu mwingine kimeandikishwa katika simu yako. Kikiwamo, mlango u wazi.

Pili, mashine ya kidole langoni pa kazi. Hiyo si kufuli yako. Alama zakaa kwa tajiri. Wazee wetu walilijua jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Leo tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Tajiri atakaye alama zako lazima akueleze ni za kazi gani, na ukidhulumiwa waweza kumshtaki kwa Kamishna wa Data.

Tukumbuke pia Agosti 9, 2022. Vyombo vya kutambua wapiga kura vilipokwama katika vituo vya Kibwezi Magharibi, humu humu Makueni, Tume iliruhusu daftari la karatasi. Ikiwa kura ililindwa hivyo, mbona mshahara usilindwe?

Kwa hiyo twadai: penye mashine, pawe na daftari kando yake. Asikatwe mtu siku yake kwa sababu mashine haikumtambua. Nawe mwanachama, ukikataliwa, mwambie nyapara saa ile ile, jina lako liandikwe mbele ya shahidi, kisha mpashe habari Katibu wa tawi. Usinyamaze ukangoja mwisho wa mwezi.

Mkono uliochakaa kwa kazi usinyimwe ujira wa kazi hiyo.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI