Upepo umebeba malata: kutengeneza ama kubadilisha paa lote?



Hapa tunajua kwamba mvua ya kwanza haiji peke yake. Mwezi wa Oktoba ama Novemba, mbele ya tone la kwanza, upepo unatangulia na vumbi jekundu, na kwa muda mfupi malata ya mtu yanalala katika shamba la jirani. Malata, ama manjanja kama mnavyosema ninyi mliotoka Kivu. Asubuhi yake mafundi wanapita nyumba kwa nyumba, na wengi wana jibu moja: «Mama, paa hili limekwisha, tutoe yote.»

Mimi nasema: ngoja kwanza. Mapaa mengi niliyoyaona yakihukumiwa hivyo yalikuwa bado na miaka. Na mengine, ambayo fundi alipiga misumari kumi akalipwa akaenda zake, ndiyo yaliyokuwa yamekwisha kweli.

Kosa letu ni kwamba tunaangalia lata. Likiwa na kutu tunasema ni zee, likiwaka kwenye jua tunasema ni zima. Lakini upepo haubebi lata kwa sababu ya uzee. Unaingia chini ya ukingo wa paa, ama kwa dirisha lililokosa kioo, unasukuma kutoka ndani, na ule unaopita juu unavuta. Ndiyo maana pembe na kingo zinaondoka mbele ya katikati. Kinacholishika paa ni misumari, miti, na waya unaofunga miti ile kwenye ukuta. Ni huko ambako jibu linapatikana, na mtu asiye fundi anaweza kulisoma mwenyewe.

Angalia jinsi paa lilivyovunjika. Kama misumari imebaki imesimama kwenye mti na lata limepasuka kuizunguka, mti wako ni mzima. Lata lilikuwa jembamba, ama misumari ilikuwa michache. Hiyo ni kazi ya kutengeneza. Kama misumari imetoka pamoja na lata, ilikuwa mifupi ama mti umelainika. Chukua kisu, chomeka penye matundu yale. Kisu kikikataa, nunua misumari mirefu zaidi. Kikizama kama kwenye mkate, mti huo utoke. Na kama miti yenyewe imeruka pamoja na malata, basi haikufungwa ukutani. Hapo hata ukileta malata mapya ya bei kubwa, utayafuata tena kwa jirani mwaka ujao.

Chomeka kisu pia pale shevroni zinapolala juu ya ukuta, maana mchwa hupandia hapo. Mchwa wa Lubumbashi tunaujua vizuri: udongo wa vichuguu vyake ndio tunaochoma tofali, halafu unarudi kula mbao za nyumba ile ile. Ukikuta mti mmoja ama miwili imeliwa, badilisha hiyo tu. Lakini kama karibu kila mti umeguswa, ama ukisimama mbali unaona mgongo wa paa umepinda kama mgongo wa punda, usiweke kiraka. Huko pesa ya kiraka ni pesa ya kutupa.

Kwa malata yenyewe, ingia ndani mchana, funga mlango na madirisha, angalia juu. Nyota mbili tatu za mwanga zinazibwa. Yakiwa mabaya malata machache, yatoe hayo, na mapya yapande juu ya wenzake kwa mgongo mmoja na nusu kila upande. Dukani ulizia namba: BG 28 ni nene kuliko BG 32, namba ikipanda lata linakuwa jembamba. Wengi wanafikiri ni kinyume, na wauzaji wengine hawaharakishi kuwasahihisha. Msumari uwe ule wenye kofia na mpira, na upigwe kwenye mgongo wa lata, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Kwenye kingo na pembe piga mingi zaidi. Mawe na matairi tunayoweka juu hayashiki kitu. Upepo mkubwa ukija, jiwe nalo linaanguka, na chini kuna mtoto.

Sasa nije kwa jambo linaloniumiza zaidi. Familia nyingi zilizokimbia Mitwaba, Pweto na kwingine hazina nyumba hapa, zinapanga. Paa likiondoka, mwenye nyumba anakuja, anaangalia, anasema: «Tengenezeni, ama mhame.» Nilimwona mama mmoja mwenye watoto wanne akiuza sufuria zake ili anunue malata ya nyumba ya mtu mwingine. Miezi miwili baadaye kodi ilipandishwa, kwa sababu nyumba sasa ilikuwa «na paa jipya».

Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado tunaitumia, inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba iweze kukaliwa. Matengenezo madogo ni ya mpangaji. Paa si dogo. Na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, kwa hiyo paa jipya si sababu ya kudai nyingine juu yake.

Najua pia kwamba wenye nyumba wengine ni wajane wasio na kitu, wanaoishi kwa kodi hiyo hiyo. Basi mpangaji anaweza kutanguliza pesa, ikatwe kwenye kodi ya miezi inayokuja, lakini iandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie, kabla ya msumari wa kwanza kununuliwa. Baada ya kazi hakuna anayekumbuka.

Na ninyi mnaokuja kusaidia baada ya dhoruba, kanisa ama shirika, tunawashukuru. Lakini mnaleta malata, mnapiga picha, mnaenda. Familia inabaki na malata sita mazuri na miti iliyooza, mwisho inayauza sokoni, halafu mnasema watu hawa hawana shukrani. Punguzeni lata mbili katika kila fungu, muongeze mbao, kilo ya misumari na waya wa kufungia.

Yule mama wa sufuria nilimpitia tena juma hili. Upepo ulikuwa umeinua pembe moja ya paa. Tulipanda ngazi na kijana wa jirani, tukachomeka kisu: shevroni tatu zimelainika, zingine zote ngumu, malata hayana neno. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia abadilishe paa zima. Safari hii hakuuza kitu. Alimwita mwenye nyumba aje ashike kisu mwenyewe, na mbao tatu zinaletwa Jumamosi.