Barua ya wazi kwa Msajili: mtihani wa leseni ya maabara upitie kwenye hadubini

Kwa Msajili,
Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya

Ndugu Msajili,

Kila wahitimu wapya wa maabara wanapotoka vyuoni, lalamiko huwa lile lile. Kijana amesoma stashahada miaka mitatu, amefanya mitihani chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, muhula baada ya muhula, amezungushwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, kisha anaambiwa bado kuna mtihani wa Baraza lako. Mzazi aliyeuza alizeti kule Singida ili alipe ada anauliza, na ana haki ya kuuliza, mtihani huu mwingine unatafuta nini ambacho ile ya chuo haikukiona.

Barua hii haiwaungi mkono wanaotaka mtihani ufutwe. Chuo hulipwa ada na mwanafunzi, na hakuna chuo kinachofurahia kufelisha darasa zima. Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, halina mwanafunzi wa kumpendeza. Lipo kwa ajili ya mgonjwa. Hata hivyo, swali la mzazi linahitaji jibu, na jibu lenyewe linaonekana vizuri zaidi Mvumi.

Mvumi ipo Wilaya ya Chamwino, mwendo mfupi kutoka Jiji la Dodoma. Hospitali yake imejulikana kwa miaka mingi miongoni mwa watafiti wa homa ya papasi. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, na nyumba za tembe za Wagogo ziliwapa makazi mazuri. Usiku hutoka, humng'ata aliyelala na kumwambukiza bakteria aitwaye Borrelia. Homa hupanda, hushuka, mtu akidhani amepona hupanda tena. Ni ugonjwa wa hatari hasa kwa wajawazito na watoto wadogo.

Sasa, huyu Borrelia hupatikana vipi? Mara nyingi kwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Daktari ameandika kipimo cha malaria. Mtaalamu anatoboa kidole, anatandaza tone nene la damu kwenye slaidi, analiacha likauke, analipaka rangi ya Giemsa na kuliweka chini ya lenzi ya mafuta. Anahesabu uwanja mmoja baada ya mwingine. Kanuni ni kwamba haandiki "hakuna vimelea" kabla ya kupitia nyanja 100. Vimelea vya malaria havipo. Ila pembeni, kati ya chembe nyeupe, kuna vijiuzi vya zambarau vilivyojikunja, vyembamba kiasi kwamba mwenye haraka atadhani ni uchafu wa rangi. Asiye na haraka huwaita wenzake waje waangalie.

Kitepe cha kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuona vijiuzi hivyo. Kitasema hakuna malaria, na kitakuwa kimesema kweli. Mgonjwa naye atarudi nyumbani na homa yake, au atapewa dawa ya malaria isiyomgusa Borrelia hata kidogo. Kadiri zahanati zinavyotegemea vitepe, ndivyo jicho la mtu aliyezoea slaidi linavyozidi kuwa adimu, na ndivyo leseni inavyopaswa kuthibitisha kwamba jicho hilo lipo.

Swali la kuchagua jibu kati ya A na D haliwezi kuthibitisha hilo. Mwanafunzi aliyekesha na madesa atajua Borrelia husambazwa na nini, atapata alama yake, na hajawahi kumwona. Shirika la Afya Duniani linapowapima wataalamu wa hadubini ya malaria huwakalisha mbele ya hadubini, dakika 10 kwa kila slaidi, kisha hulinganisha majibu yao na ukweli unaojulikana. Huwezi kukariri slaidi ambayo hujaletewa.

Ombi, basi, ni kwamba kanuni za mtihani zitamke wazi: hakuna leseni bila kukaa kwenye hadubini. Itasemwa kuwa ni gharama, na kweli ni gharama. Lakini slaidi iliyopakwa rangi vizuri na kufunikwa hutunzika kwa miaka, na hospitali kama ya Mvumi zinaweza kuchangia hazina ya slaidi za Baraza.

Uchukuaji wa sampuli nao utahiniwe kwa vitendo. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, walipougua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, wagonjwa 68 walirekodiwa na 20 wakafariki. Ugonjwa wa namna hiyo haugunduliwi kwenye maabara ya wilaya, lakini damu ya kwanza huchukuliwa na watu wa ngazi hiyo. Chupa isiyo na jina, au damu iliyoachwa kwenye joto mchana kutwa, hakuna mashine ya Dar es Salaam itakayoiponya.

Na wanaofeli? Neno "umefeli" peke yake halimfundishi mtu. Mtahiniwa aambiwe ameanguka wapi: kwenye vimelea, kwenye kundi la damu, kwenye kemia, ili ajue arudi benchi gani kabla ya kujaribu tena. Utaratibu wa kurudia mtihani na wa kukata rufaa ubandikwe vyuoni siku ya kwanza ya mwaka wa mwisho, kwa Kiswahili ambacho hata mzazi wa Singida anaweza kukisoma.

Ndugu Msajili, Baraza lianze na jambo moja lisilohitaji kikao kirefu. Kwenye mtihani ujao, kati ya slaidi za malaria, iwekwe slaidi moja ya homa ya papasi, bila kumwambia mtahiniwa yeyote.